Flati ya kulala kwenye ghorofa la zamani Kisutu: jengo tisa, ukarabati nne

Naanza na maksi ili mwenye haraka achukue aende zake. Jengo nalipatia tisa kwa kumi. Huduma ya mwenyeji saba, hana baya. Ukarabati alioufanya ndani ya flati nne, tena nne ya huruma, maana karibu kila nilichokichukia mle ndani ni kitu kilichoongezwa miaka hii ya karibuni, na karibu kila nilichokipenda kilikuwepo kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Kwa hiyo hapa nazungumzia vitu viwili, flati na jengo lililoibeba, na jengo litakula nafasi kubwa kwa sababu ndo lenyewe linalomfanya mtu alale pale badala ya kwenda lodge ya Sinza yenye feni na TV ya ukutani.

Sitataja mtaa kamili wala jina la mwenyeji, mle ndani wanaishi watu na familia zao na hawajaomba wageni waje kupiga picha ngazi zao. Ni Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, unatembea kwa mguu toka kituo cha mwendokasi unafika hujatoa hata jasho. Mimi nakaa Kibamba, nilikuwa na kazi mjini za kuanza asubuhi sana mfululizo, na yeyote aliyewahi kugombania gari pale Kimara alfajiri anaelewa kwanini mtu anatoa elfu themanini kwa usiku ili tu aamke yuko mjini tayari. Nyumba nimeitoa kwenye app ya vyumba vya kulala, picha zilikuwa za kitanda na za taa za bluu, picha ya jengo kwa nje hakuna hata moja. Yaani kaificha mali yake bora kaonyesha mashuka.

Ukisimama ng'ambo ya barabara ukaliangalia, ni ghorofa tatu juu ya safu ya maduka, liko kona, na hiyo kona haikukatwa kwa pembe, imezungushwa, balkoni zote tatu zimeifuata duara, na juu ya kila mstari wa madirisha kuna ubao wa zege umetoka nje kama kapelo unalizunguka jengo zima. Ule ubao siyo pambo tu. Jua la mchana linaishia juu yake dirisha linabaki kivulini, na mvua ya masika ikishuka dirisha unaliacha wazi na hamna kinacholowa. Maduka ya chini yamerudishwa ndani kidogo kwa hiyo mtembea kwa miguu anapita chini ya paa, hakai juani, na ukiunganisha kibaraza cha jengo moja na la jirani yake unaweza kwenda mbali tu bila kuguswa na jua kama wenye maduka hawajajaza mabeseni na majora ya vitambaa.

Juu kabisa, kwenye ukuta uliopanda kupita paa, kuna jina la ukoo kwa herufi za plasta na mwaka, 1940 na kitu, tarakimu ya mwisho imezama kwenye rangi maana limepakwa juu ya rangi juu ya rangi. Ukizunguka mitaa ile ukiinua kichwa utakuta majengo kibao yako hivyo, jina na mwaka, mengine yana nyota, mengine jua linachomoza. Mtindo wenyewe wataalamu wanauita Art Deco, ulitamba duniani miaka ya 1920 na 1930, kwetu uliingia zaidi kwa njia ya Bombay, ndo Mumbai ya leo, kwa sababu wenye pesa na wachoraji ramani wengi walikuwa na ndugu upande ule wa bahari, ndo maana mtu aliyepita Marine Drive ya Mumbai akija kusimama Mtaa wa Jamhuri anahisi kama pale anapajua.

Ngazi sasa. Hapa ningeweza kuandika siku nzima. Ni za terazo, ile sakafu ya vipande vya mawe vinavyochanganywa kwenye saruji alafu inasagwa mpaka inang'aa, na kila kipandio kina ukingo mweusi ili jicho lijue mguu unaishia wapi. Zimechakaa katikati kwa miguu ya watu wa miaka yote hiyo lakini hamna hata moja iliyopasuka. Kishikio ni cha mbao, kimelainishwa na mikono mpaka kinateleza. Ukuta wa upande wa nje siyo ukuta, ni tofali za matundu kutoka chini mpaka juu, mchana taa huihitaji na hewa inapanda ngazi pamoja na wewe. Kona zina madoa ya tambuu, ndiyo, na kuna mtu ana baiskeli yake kaifunga kwenye kishikio ghorofa ya kwanza naona haijatoka muda mrefu. Lifti hakuna. Flati iko juu kabisa, ukija na begi la safari ya Ulaya jiandae, ila mlinzi ni mzee mmoja mstaarabu sana, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba huku kashashika begi, elfu mbili yake nikampa kwa moyo mweupe.

Ndani ndo penye kesi yangu.

Hizi flati za zamani za mjini zimepangwa kwa akili moja. Sebule iko mbele, inafungukia balkoni na barabara, vyumba vinafuatana kwa nyuma, mwishoni jiko na choo na sehemu ya kufulia vinatazama uani. Kwa hiyo flati ina pande mbili zilizo wazi, upepo unaingia huku unatokea kule, kaskazi ikivuma unaingia mbele kusi ikivuma unapita nyuma, vyovyote vile haukai. Juu ya kila mlango kuna kidirisha cha mbao zilizoachana, ili hata mkifunga milango usiku hewa iendelee kupita juu ya vichwa vyenu. Dari iko juu sana, ukiruka hugusi, joto linapanda kule linakaa na halikusumbui. Madirisha ya asili yana mabapa ya mbao unayoweza kufunga ukabaki na hewa na faragha kwa pamoja, barabarani hakuna anayekuona na wewe unamwona muuza madafu. Hakuna mashine hata moja katika yote hayo, wala hayali umeme.

Akaja mwenyeji wangu na fundi wake. Dari wameishusha kwa gypsum, wakazungushia taa za bluu zile za baa, na katika kuishusha wakaziba vile vidirisha vya juu ya milango vyote. Madirisha ya mbao wameng'oa, wameweka alumini ya kuteleza ambayo, kama unavyojua, hata ukiifungua yote nusu ya dirisha inabaki imefungwa. Kwa kuwa sasa hewa haipiti imebidi aweke AC, na kwa kuwa ameweka AC imebidi azibe dirisha la uani ili baridi isitoroke. Umeona mnyororo huo. Kakata upepo wa bure alafu ananunua upepo kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Na sakafu, jamani sakafu, kabandika vigae vyeupe vya kuteleza juu ya terazo. Pale kizingitini vigae havikufika mwisho, niliinama nikaona mpaka wa zamani wa kijani na nyeusi unakuja vizuri alafu unaingia chini ya kigae unapotea. Roho iliniuma kabisa. Terazo ile ukimwita fundi mwenye mashine akaisaga na kuipaka nta inarudi mpya, na sidhani kama ingemzidi gharama ya vigae na gundi na fundi wake.

Ila kuna chumba kimoja pesa ilimwishia kabla hajakifikia. Ni kile kidogo cha nyuma, kwenye tangazo amekiita chumba cha watoto, kitanda cha futi tatu na nusu, dirisha la zamani, dari ya zamani, terazo wazi, kidirisha cha juu ya mlango kinapumua. Nilikipuuza nikalala chumba kikubwa kama mtu aliyelipia. Usiku wa manane uniti za umeme zikaisha, mwenyeji kalala simu hapokei, namba ya mita sina, na chumba kikubwa baada ya nusu saa kikawa oveni maana hakina pa kupumulia. Nikachukua shuka nikahamia kwa watoto. Nililala mpaka kunguru wakaniamsha. Kuanzia hapo sikurudi chumba kikubwa isipokuwa kuchukua nguo.

Asubuhi mwenyeji akapiga mwenyewe, pole sana kaka, akanitumia tokeni mbili na kunirudishia kiasi, ndo maana nimempa saba. Kwenye maji pia yuko vizuri, tenki liko juu ya paa na pampu inafanya kazi, bafu lina presha ya kutosha ingawa heater inachukua muda. Wi-fi inatosha kwa WhatsApp na kwa kikao cha video kama hamna mwingine anayeangalia mpira. Taulo safi. Jiko lina gesi, sufuria za kutosha, na bakuli moja tu la supu sijui kwanini.

Watu wengine wameandika kwamba eneo lina kelele. Ni kweli na sijui walitarajia nini katikati ya mji. Adhana ya alfajiri unaisikia kutoka pande tatu, kengele za hekaluni zipo, mashata ya maduka yanapandishwa saa mbili mbili na nusu, mchana mikokoteni na honi, jioni maduka yakifungwa mji unatulia ghafla mpaka unashangaa. Kunguru ndo hawana saa. Hawa kunguru weusi wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakavuka bahari wakajimilikisha Dar, na balkoni ukiacha chapati unasaini mkataba nao. Jumapili asubuhi ndo wakati wa mtaa ule kuliko wote, magari hamna, meza za wamachinga chache, unaweza kusimama katikati ya barabara ukatazama juu kwa raha yako.

Sasa kwanini majengo haya yako pale na siyo Ilala wala Oysterbay? Nilikuwa najua juujuu tu, ila kuishi ndani yake kunakufanya utake kujua, na mwenyeji angeweka karatasi moja ukutani yenye habari hizi badala ya ile picha ya mnara wa Eiffel angenipandishia maksi hapohapo. Kwa kifupi, Wajerumani mwaka 1891 walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya nyumba zinazoruhusiwa kila sehemu, nyumba za Kizungu peke yake upande ule wa bahari wenye miti na upepo, kwingine nyumba za mawe, kwingine vibanda. Haikusema rangi ya mtu lakini kila mtu alielewa. Waingereza walipokuja wakaendeleza mchezo huohuo kwa bidii, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na pale kati ya Uhindini na Kariakoo wakasafisha ukanda mzima ukabaki uwanja wazi, ndo Mnazi Mmoja yenyewe hiyo, kisingizio kikiwa afya. Matokeo yake Uhindini palibaki mahali padogo palipobanwa pande zote, wafanyabiashara wanaongezeka, familia zinakua, ule utaratibu wa duka mbele na familia nyuma kwenye nyumba ya bati ukawa hautoshi tena. Kwenda pembeni hawawezi. Wakaenda juu.

Pesa ya kwenda juu ilitoka kwenye biashara, na biashara ilikuwa inakwenda na mkonge. Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, vita vya pili vilipanua soko, vita ya Korea ikarusha bei juu mwaka 1950 na 1951, na shilingi ya shamba la Tanga au Morogoro ilikuwa inaishia dukani mjini kwa kitambaa, unga na mafuta ya taa. Alafu kwa upande wa Waismailia kuna lile tukio la Agosti 1946, Aga Khan wa Tatu, imamu wao, alipimwa kwa almasi hapahapa Dar kusherehekea miaka 60 ya uongozi wake, na kutokana na jubilei hiyo ikaundwa taasisi ya kukopesha wanajumuiya, watu wakapata pa kuanzia ujenzi na biashara. Upanga nayo ikafunguka baada ya vita, nyumba za chini na flati za miaka ya 1950 zenye bustani, kule jengo linapumua kwa nafasi, huku Kisutu linapumua kwa matundu.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza hali ya ngazi zetu leo. Aprili 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, ikapita sheria ya kutwaa majengo, nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe anazipangisha zikawa mali ya serikali. Fidia ilikuwepo kwa jengo lililo chini ya miaka kumi, likizidi umri huo hamna kitu. Piga hesabu mwenyewe, jengo la 1940 na kitu mwaka 1971 lilikuwa limeshapita miaka kumi zamani sana, kama lilikuwa la kupangisha basi mwenye jina pale juu aliondoka mikono mitupu au akabaki kulipa kodi kwenye nyumba aliyoijenga. Wengi walihama, Canada, Uingereza, na mzee mlinzi kaniambia mpaka leo wanakuja watu wazima na watoto wao wanasimama chini wanapiga picha lile jina, hawaombi hata kupanda.

Majengo yote hayo akakabidhiwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lile lililoanzishwa 1962. Wapo waliokuja kurudishiwa nyumba zao baadaye. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa nani alionewa na nani alifaidi, kuna Mtanzania wa kawaida ambaye bila Msajili asingekanyaga kulala mjini, na kuna familia iliyopoteza jasho la vizazi viwili, yote mawili yametokea kwenye ngazi moja. Kwa jengo lenyewe lakini hesabu ilikuwa mbaya. Kodi ndogo, ukarabati hamna, wapangaji wakawa wanapishana kwa kilemba, unampa aliyepo pesa yake mkononi anakuachia funguo, na ukishalipa kilemba unatengeneza ndani kwako unapendezesha, nje kwako ni kwa nani? Bomba la maji machafu likivuja ukuta wa pamoja kila mtu anamtazama mwenzake. Tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, unaweza kuwa na hati ya flati yako na wenye flati mkaunda umoja wa kutunza ngazi na paa, kwenye karatasi ni kitu kizuri sana. Kwenye jengo letu kuna daftari la michango limening'inizwa kwa mlinzi, nusu ya majina yana tiki.

Mke wangu kitu cha kwanza kuuliza kwenye simu ilikuwa, baba Neema, hilo jengo halitakuangukia? Swali la haki kabisa. Nilimkumbusha kwamba lililoanguka hapo jirani tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, kwenye Mtaa wa Indira Gandhi, lilikuwa jipya, ghorofa 16, linajengwa bado, na liliua watu zaidi ya thelathini. Umri peke yake hauangushi jengo. Lakini nisikudanganye kwamba la zamani halina neno, hewa ya bahari ina chumvi, chumvi ikipenya kwenye zege nondo zinashika kutu, zikishika kutu zinavimba, zikivimba zinapasua zege, ndo maana ukisimama chini ya balkoni za mitaa ile baadhi utaona nondo ziko nje kabisa. Balkoni yetu nimeikagua kwa chini kabla sijaweka kiti, ni nzima, imepigwa plasta upya sehemu moja. Kinachonitisha zaidi ni mizigo ya juu, yale matenki ya plastiki ya lita elfu tano tano watu wanayopandisha paani moja baada ya jingine, jengo lilipigiwa hesabu ya familia kumi zenye ndoo.

Kama unalala pale usikae ndani, zunguka. Uzuri wa kulala mjini ni kwamba unaweza kutoka saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijawa kali. Mimi njia yangu ilikuwa Mtaa wa Jamhuri, nikaingia Zanaki, nikashuka Mtaa wa India kuangalia balkoni, nikapita Mtaa wa Mosque kwenye Jamatkhana yenye mnara wa saa, ya 1930 ile, nikatokea Samora kwenye sanamu ya Askari ya 1927. Samora yenyewe imebadilishwa jina kila utawala, ilikuwa Acacia Avenue, ikawa Independence, ila miti ya Acacia usiitafute. Ilikuwepo Salamander pale, jengo la kizamani watu wanakaa kibarazani wanakunywa kahawa, leo jina limebaki kwenye mnara wa vioo. Kwa kifungua kinywa nilifuata ushauri wa kila mtu wa mjini nikaenda K-Tea Shop, kababu na bajia na chai ya maziwa, wahi maana viti vinajaa, sina la kuongeza, watu wameshasema yote.

Mwisho wa matembezi nenda Old Boma, Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Jengo la mawe ya matumbawe la Sultani Majid wa Zanzibar, 1866 hadi 1867, nusura livunjwe mwaka 1979, sasa limekarabatiwa na ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu wa Dar, wanaita DARCH, maonyesho yana ramani na picha za mji ulivyokua, na wana matembezi ya kuongozwa kwa miguu ukiulizia. Kwa mtu anayelala Kisutu ndo sehemu ya kuelewa alilolala ndani yake. Na pale ndo nilianza kufikiria kitu kimoja kinachochekesha kwa uchungu. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863, yaliyokuja baada ya hapo mpaka waziri atangaze moja moja. Sasa Dar hii ya Majid ilianza kujengwa miaka hiyohiyo ya 1860, kwa hiyo hata Old Boma yenyewe, mkubwa wa mji, imekosa huo ulinzi wa moja kwa moja kwa miaka mitatu. Lakini mlango wa mbao uliochongwa kiafrika au kimashariki kabla ya 1940 sheria inaulinda. Maana yake kuna nyumba mjini ambapo mlango una haki kuliko ukuta ulioushika. Ghorofa letu la arobaini na kitu na terazo yake halina chochote, kesho akipatikana mwenye mtaji na kibali linakuwa shimo lenye mabati, keshokutwa ni mnara wenye parking ghorofa tano za chini.

Ndo maana nakasirika na gypsum, siyo kwa sababu ni mshamba wa vitu vipya. Flati hizi zikiendelea kulipiwa na wageni kwa kuwa ni za zamani, mwenyeji ana sababu ya kuiacha ngazi ilivyo na kutoa mchango wa rangi. Akizigeuza zifanane na lodge yoyote ya pembeni ya mji, basi mgeni ataenda huko huko pembeni kwenye lifti na parking, na jengo litakuwa limepoteza mtetezi wake mwenye pesa.

Jirani wa mlango wa pili ni mama mmoja wa makamo, amezaliwa mlemle, nilimkuta anaanika nguo nyuma kwenye ile korido ya nje inayotazama uani, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wewe ndo mgeni wa taa za bluu? Nikacheka. Akanionyesha kwake kwa kupitia mlango uliokuwa wazi, terazo yote iko wazi inang'aa, madirisha ya mbao yamepakwa rangi ya kijani, mashine ya AC hana, na upepo uliokuwa unapita pale mlangoni ulinipeperushia shati. Nikamwuliza terazo anaisafisha na nini. Maji na sabuni ya kipande, akasema, na usimwage siki.

Kwa anayetaka kulala flati za namna hii, hii au nyingine, muulize mwenyeji maswali haya kabla hujatuma pesa. Madirisha ni ya mbao au alumini. Kuna dirisha la mbele na la nyuma na yote yanafunguka. Iko ghorofa ya ngapi, na ya juu kabisa usiikubali kama dari ya asili imeshushwa, bati au zege la paa linakupikia. Namba ya mita ya LUKU akupe mapema. Omba picha ya ngazi, asiyeweza kukutumia picha ya ngazi ana kitu anaficha. Na akikuambia kwa majivuno kwamba kila kitu ndani ni kipya, mshukuru tafuta kwingine. Gari usije nalo siku ya kazi, parking ya barabarani inalipiwa na saa mbili asubuhi imeshajaa, na ijumaa mchana mitaa ya misikiti haipitiki.

Mwenyeji nimemwandikia haya yote, kwa upole zaidi ya hapa. Amesema gypsum haing'oi, imemgharimu, ila kile chumba cha nyuma atakiacha kama kilivyo na atakipangisha peke yake kwa elfu arobaini bila AC. Nimeshaweka oda ya mwezi ujao.